Riwaya za Taharuki Kuhusu Wafungwa Wasio na Hatia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Msomaji anayemaliza riwaya ambayo wakili anahangaika kumtoa gerezani mtu aliyehukumiwa kimakosa hubaki na maswali ya namna mbili: yanayohusu hadithi, na yanayohusu sheria ya Marekani, ambako sehemu kubwa ya riwaya hizi hutokea. Majibu yaliyo hapa yanazichanganya namna hizo mbili kwa makusudi, kwa kuwa katika utanzu huu sheria yenyewe ndiyo adui mkuu, na asiyeijua humwona adui mahali ambapo hayupo.

Riwaya hizi zinatofautianaje na riwaya nyingine za mahakamani?

Katika riwaya ya kawaida ya mahakamani, kesi ndiyo kilele: msomaji huvutwa hatua kwa hatua hadi pale ambapo baraza la wazee wa mahakama, yaani raia 12 waliokula kiapo, linarudi na uamuzi. Katika riwaya ya kumkomboa mfungwa, siku hiyo ilikwisha kupita kabla ya ukurasa wa kwanza, pengine miaka 20 iliyopita. Mashahidi wamezeeka au wamefariki, jaji amestaafu, mwendesha mashtaka amepanda cheo, na mtu mmoja tu ndiye anayeendelea kuishi ndani ya siku ile. Msomaji hahitaji tena kujiuliza nani ataaminiwa. Anajiuliza jinsi ya kufungua jalada ambalo kila mwenye madaraka ana sababu ya kutaka libaki limefungwa. Mwandishi asiyeliona hilo huishia kuleta wauaji wa kukodiwa na magari yanayofukuzana ili kuziba pengo la taharuki ambayo ilikuwapo tayari katika karatasi.

Mhubiri anayezunguka magerezani akitetea wafungwa ni mtu wa kubuni?

Ana mfano wake katika maisha halisi. James McCloskey alikuwa mfanyabiashara aliyeacha kazi na kuingia seminari ya Princeton. Mwaka 1980, akiwa mwanafunzi anayetoa huduma ya kiroho katika gereza la jimbo huko Trenton, New Jersey, alikutana na Jorge de los Santos, mfungwa wa kifungo cha maisha aliyeshikilia kwamba hakuua. McCloskey alisimamisha masomo ili aichunguze kesi hiyo. De los Santos aliachiwa mwaka 1983, baada ya kudhihirika kwamba mfungwa mwenzake aliyetoa ushahidi dhidi yake alisema uongo, na mwaka huohuo McCloskey akaanzisha shirika la Centurion Ministries. Jina hilo linatokana na yule akida wa Kirumi aliyesimama chini ya msalaba akakiri kwamba aliyesulubiwa alikuwa mwenye haki. Alikiri baada ya adhabu kutekelezwa, jambo ambalo naamini mwanzilishi hakulisahau alipochagua jina.

Ikumbukwe kwamba McCloskey hakuwa wakili. Waandishi wa riwaya hupenda kumvika mhusika wao kola ya kasisi na joho la wakili kwa pamoja, kwa sababu hilo huwapunguzia wahusika. Katika maisha halisi kazi hiyo hugawanywa: mmoja hugonga milango na kuzungumza na mashahidi, mwingine huandika maombi ya mahakamani, na mara nyingi yule anayegonga milango ndiye anayeishinda kesi.

Kwa nini kazi hii hufanywa na mashirika ya hisani? Mfungwa hana haki ya kupewa wakili?

Anayo, lakini ina mpaka. Mwaka 1963, katika kesi ya Clarence Earl Gideon, mfungwa wa Florida aliyeiandikia Mahakama ya Juu ya Marekani ombi lake kwa penseli, mahakama hiyo iliamua kwamba mshtakiwa asiye na uwezo katika kesi nzito ni lazima apewe wakili na serikali. Gideon aliposhtakiwa upya akiwa na wakili, aliachiwa huru. Haki hiyo, hata hivyo, huishia kwenye rufaa ya kwanza. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ilisema kwamba Katiba haimpi mfungwa wakili wa kushambulia hukumu baada ya rufaa hiyo kwisha, na mwaka 1989 ikakataa kuitoa haki hiyo hata kwa waliohukumiwa kifo. Baadhi ya majimbo hutoa wakili kwa hiari yao, lakini ushahidi mpya kwa kawaida hujitokeza miaka mingi baadaye, wakati ambapo mfungwa hana tena mtu wa kumtetea. Ndiyo maana anaandika barua, na ndiyo maana riwaya nyingi za aina hii huanza na bahasha yenye muhuri wa gereza.

Mashirika hayo hupokea barua nyingi mno kuliko uwezo wao, na hukataa nyingi. Kuchagua kesi ni kazi ya kikatili ambayo riwaya huipita haraka. Wakili lazima ajiulize kama anamwamini mwombaji, kisha ajiulize swali gumu zaidi: je, kuna kitu chochote kilichosalia duniani, awe shahidi, kielelezo au karatasi, kinachoweza kuthibitisha anachokiamini? Mtu asiye na hatia ambaye vielelezo vyake viliteketezwa hubaki gerezani, na barua ya kumkatalia huandikwa na mtu anayejua kwamba huenda anasema kweli.

Kwa nini kutokuwa na hatia hakutoshi kumtoa mtu gerezani?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa hasira kuliko yote.

Mahakama ya rufaa haiulizi kama mshtakiwa alitenda kosa. Inauliza kama kesi iliendeshwa kwa mujibu wa sheria: kama jaji alikubali ushahidi ambao hakupaswa kuukubali, kama wakili wa utetezi alifanya kazi yake, kama serikali ilificha jambo. Suala la nani aliua limekwisha kuamuliwa na wale raia 12, na msingi wa mfumo mzima ni kwamba mashauri lazima yafike mwisho. Mfungwa anayesema "sikuua" baada ya rufaa hajibu swali ambalo mahakama inamuuliza.

Kesi inayoonyesha hili waziwazi ni ya Leonel Herrera wa Texas. Alihukumiwa kifo kwa kumuua askari polisi, na miaka 10 baadaye akaleta hati za viapo zilizodai kwamba muuaji alikuwa ndugu yake, ambaye wakati huo alikuwa amefariki. Sheria ya Texas ilitoa siku 30 tu za kuomba kesi isikilizwe upya kwa sababu ya ushahidi mpya. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ilisema kwamba dai la kutokuwa na hatia, likisimama peke yake, si sababu ya mahakama za shirikisho kuibatilisha hukumu, na kwamba mlango uliosalia kwa mtu kama huyo ni huruma ya gavana. Herrera aliuawa mwaka huohuo. Ushahidi wake haukuwa na nguvu sana, na ni haki kulisema hilo. Lakini kanuni iliyowekwa kwa kesi dhaifu huzifunga pia zile zenye nguvu.

Miaka mitatu baadaye mambo yalikazwa zaidi. Sheria iliyopitishwa mwaka 1996, baada ya shambulio la bomu la Oklahoma City, ilimpa mfungwa wa jimbo mwaka mmoja tu, tangu hukumu yake kuwa ya mwisho, wa kupeleka katika mahakama ya shirikisho ombi la habeas corpus, yaani la kumtaka jaji achunguze kama mtu anashikiliwa kihalali, na ikamtaka apate kibali maalumu kabla ya kuleta ombi la pili. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mwenye ushahidi mzito wa kutokuwa na hatia anaweza kupita hata kama muda umekwisha, lakini kupita huko kunampeleka sebuleni tu: akishaingia, bado lazima aonyeshe kwamba kesi yake ilikiuka Katiba.

Kwa hiyo wakili wa riwaya anapotafuta shahidi aliyedanganya, kwa kweli anatafuta vitu viwili kwa mpigo: uthibitisho kwamba mteja wake hakuua, na kosa la kikatiba la kulibeba jambo hilo hadi mbele ya jaji. Mwandishi anayemwezesha mhusika wake kupata cha kwanza pekee kisha malango yakafunguka amekwisha kumdanganya msomaji.

Watu wasio na hatia hufungwaje?

Si kwa njama kubwa, mara nyingi. Tangu mwaka 1989 orodha ya taifa inayotunzwa na wanazuoni wa sheria imeandika zaidi ya watu 3,000 walioondolewa hatia nchini Marekani, na jumla ya miaka waliyoipoteza gerezani inapita 30,000. Ukiyasoma majalada yao, unakutana na mambo yaleyale yakijirudia, na mara nyingi matatu au manne katika jalada moja.

La kwanza ni jicho la binadamu. Miongoni mwa watu walioondolewa hatia kwa vipimo vya vinasaba (DNA), karibu 7 kati ya kila 10 walikuwa wametambuliwa kimakosa na shahidi aliyeona. Ronald Cotton wa North Carolina alichaguliwa na mlalamikaji kwenye picha, kisha akachaguliwa tena kwenye gwaride la utambulisho, ambako yeye peke yake ndiye aliyekuwa pia katika zile picha. Kila hatua iliiimarisha kumbukumbu iliyotangulia, hata mlalamikaji akawa na uhakika kabisa. Kesi iliposikilizwa mara ya pili, mbakaji wa kweli, Bobby Poole, aliletwa mahakamani, naye mlalamikaji akasema hajawahi kumwona mtu yule. Cotton aliachiwa mwaka 1995, vinasaba vilipomtaja Poole. Mlalamikaji hakuwa mwongo; alikuwa na kumbukumbu mpya iliyokuwa imeifuta ya zamani, naye hakujua. Riwaya chache zina ujasiri wa kumweka shahidi wa namna hiyo, mwaminifu na mwenye makosa, kwa sababu mwongo ni rahisi zaidi kumwandika.

La pili ni mchongezi wa gerezani, yule mfungwa anayedai kwamba mwenzake alimkiria kosa usiku ndani ya seli. Mwaka 1988 mfungwa mmoja wa Los Angeles aliwaonyesha maofisa jinsi alivyoweza kutumia simu ya jela, akijifanya ofisa, kukusanya habari za kesi ya mtu asiyemjua na kutunga kwazo ungamo linaloaminika. Malipo ya wachongezi hawa ni kupunguziwa kifungo, na baraza la wazee wa mahakama huenda lisiambiwe.

La tatu ni utaalamu usio utaalamu, ambao unastahili jibu lake peke yake.

Je, wataalamu wa matone ya damu na alama za meno wanaoonekana katika riwaya hizi wapo kweli?

Wapo, na walikuwa wengi. Kwa miongo kadhaa askari wa miji midogo walihudhuria kozi ya wiki moja juu ya michirizi ya damu, kisha wakapanda kizimbani na kuitwa wataalamu. Mwaka 2009 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilitoa ripoti iliyosema kwamba, ukiondoa vipimo vya vinasaba, hakuna mbinu ya maabara ya jinai iliyokuwa imethibitishwa kwa ukamilifu kuwa inaweza kukiunganisha kielelezo na mtu mmoja mahususi bila shaka, na kwamba mashaka katika tafsiri ya michirizi ya damu ni makubwa mno. Ray Krone wa Arizona alihukumiwa kifo mwaka 1992 kwa sababu mtaalamu alisema meno yake yaliyopinda yanalingana na alama iliyokuwa kwenye mwili wa marehemu. Vinasaba vilimtoa mwaka 2002. Mwaka 2015 FBI, idara ya upelelezi ya shirikisho, yenyewe ilikiri kwamba katika angalau asilimia 90 ya mienendo ya kesi iliyopitiwa, wachunguzi wake wa nywele walikuwa wametoa kauli zisizo na msingi wa kisayansi.

Kesi ya Anthony Ray Hinton wa Alabama inaonyesha upande wa pili wa mizani, yaani mtaalamu wa utetezi. Serikali ilidai kwamba risasi zilizoua watu zilitoka katika bastola ya mama yake, na hapakuwa na ushahidi mwingine wa maana. Wakili wake aliamini kimakosa kwamba sheria ilimruhusu kutumia dola 1,000 tu kwa mtaalamu, akamchukua aliyepatikana kwa fedha hiyo: mhandisi mwenye jicho moja, aliyeshindwa kuitumia hadubini bila kusaidiwa. Waendesha mashtaka walimcheka mbele ya baraza. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilisema kwamba kutoijua sheria kwa wakili huyo kulikuwa utetezi usiokidhi Katiba, na mwaka 2015 Hinton akatoka baada ya karibu miaka 30 katika seli ya waliohukumiwa kifo. Mwandishi wa riwaya angeshauriwa na mhariri wake aliondoe lile jicho moja, kwa kuwa limezidi.

Tangu vinasaba vije, si rahisi kumtoa mtu?

Kwa wenye bahati, ndiyo. Shirika la Innocence Project, lililoanzishwa New York mwaka 1992 na mawakili Barry Scheck na Peter Neufeld, lilijengwa juu ya tumaini hilo, na mwaka 1993 Kirk Bloodsworth wa Maryland alikuwa wa kwanza kati ya waliowahi kuhukumiwa kifo Marekani kutolewa kwa vinasaba. Mashahidi watano walikuwa wamemtambua.

Lakini kesi nyingi za mauaji hazina vinasaba vya kupima. Mtu akipigwa risasi kutoka ng'ambo ya barabara, muuaji haachi damu wala mate. Aidha, vielelezo huhifadhiwa vibaya au hutupwa, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Katiba haimpi mfungwa haki ya kuvipima. Leo majimbo yote yana sheria zinazoruhusu upimaji, kila moja kwa masharti yake. Naona riwaya bora za utanzu huu ni zile zinazomnyima wakili vinasaba, kwa sababu hapo analazimika kurudi kwa watu.

Shahidi akikana ushahidi wake, mfungwa hutolewa?

Mara chache, na si haraka. Majaji humtazama shahidi aliyegeuka kwa shaka kubwa: kama anakiri kwamba alidanganya chini ya kiapo mara ya kwanza, nini kitawafanya waamini kiapo cha pili? Isitoshe, shahidi mwenyewe ana hofu ya kushtakiwa kwa kiapo cha uongo, na mara nyingine huonywa kuhusu jambo hilo na watu walewale waliomfundisha aliyoyasema.

Huko Cleveland, Ohio, mwaka 1975 Ricky Jackson na ndugu wawili walihukumiwa kifo kwa neno la mvulana wa miaka 12, adhabu iliyobadilishwa baadaye kuwa kifungo. Mvulana huyo alikua mtu mzima akiubeba uongo wake, hata siku alipougua akamfungukia mchungaji wake kwamba hakuona chochote, na kwamba polisi walimtisha alipotaka kujitoa. Jackson aliachiwa mwaka 2014, baada ya miaka 39. Nikiulizwa ni tukio gani katika riwaya za namna hii ningependa kulisoma likiandikwa kwa utulivu, ni lile la mtu aketiye na shahidi jikoni kwake, bila kumsukuma, akingoja atamke sentensi moja.

Waendesha mashtaka walioficha ushahidi hufungwa, kama inavyokuwa mwishoni mwa riwaya?

Karibu kamwe. Tangu mwaka 1963, katika kesi iliyotoka Maryland, serikali ina wajibu wa kuukabidhi upande wa utetezi ushahidi wowote muhimu unaoweza kumsaidia mshtakiwa. Kuukiuka wajibu huo kunaweza kubatilisha hukumu, lakini mwendesha mashtaka mwenyewe analindwa: mwaka 1976 Mahakama ya Juu ilimpa kinga kamili dhidi ya madai ya fidia kwa kazi yake ya mahakamani.

John Thompson wa New Orleans alibakiwa na takribani mwezi mmoja kabla ya kuuawa pale mpelelezi wa utetezi alipokuta ripoti ya maabara iliyofichwa, iliyoonyesha kwamba damu ya mhalifu katika kesi ya unyang'anyi iliyotumiwa kumwangamiza kwenye kesi ya mauaji ilikuwa ya kundi tofauti na lake. Alikuwa amekaa miaka 18 gerezani, 14 kati ya hiyo akisubiri kifo. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa dola milioni 14. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ikaziondoa, kwa kura 5 dhidi ya 4.

Kesi inayotajwa kama kielelezo cha uwajibikaji ni ya Michael Morton wa Texas, aliyefungwa mwaka 1987 kwa kumuua mkewe. Maelezo yaliyoonyesha kwamba mtoto wao wa miaka mitatu aliona tukio na kusema aliyefanya hivyo si baba yake hayakupewa utetezi. Kitambaa chenye damu kilichookotwa karibu na nyumba kilipopimwa hatimaye, vinasaba vilimtaja mtu mwingine, na Morton akatoka mwaka 2011 baada ya karibu miaka 25. Mwendesha mashtaka, ambaye baadaye alikuwa jaji, alipewa kifungo cha siku 10.

Wakili wa namna hii hukabiliwa na hatari ya kuuawa?

Hatari inayomkabili kila siku ni uchovu, na fedha zinazokwisha kabla ya kesi. Sehemu kubwa ya kazi ni masanduku ya karatasi katika ghala la mahakama, safari ndefu kwenda kwa mtu ambaye hafungui mlango, na barua kwa ofisi ya polisi inayojibu kwamba jalada halionekani.

Je, ni kweli kwamba serikali humwachia mtu kwa sharti kwamba akubali hatia?

Ndiyo, na ni mojawapo ya mambo yanayoumiza zaidi kuyasoma. Kwa mujibu wa uamuzi wa mwaka 1970, mshtakiwa anaweza kukubali kutiwa hatiani huku akisisitiza kwamba hakutenda kosa. Watu watatu waliofungwa Arkansas mwaka 1994 wakiwa vijana, kwa mauaji ya watoto watatu huko West Memphis, walitoka mwaka 2011 kwa njia hiyo, mmoja wao akiwa amehukumiwa kifo. Serikali hupata hukumu inayobaki kwenye vitabu na kinga dhidi ya madai. Mfungwa hupata jua. Wakili mwaminifu hawezi kumshauri mteja wake akatae, kwa sababu si yeye atakayerudi seli jioni ile, na riwaya inayouweka uchaguzi huo mezani humpa msomaji usiku mgumu kuliko risasi yoyote.

Wakitoka, hulipwa?

Inategemea jimbo. Texas hulipa dola 80,000 kwa kila mwaka wa kifungo. Oklahoma ilikuwa na kikomo cha dola 175,000 kwa jumla, kiasi kilichomhusu Glynn Simmons, aliyeachiwa mwaka 2023 baada ya zaidi ya miaka 48, muda mrefu kuliko wote unaojulikana. Kevin Strickland alitoka Missouri mwaka 2021 baada ya miaka 43, akaambiwa kwamba sheria ya jimbo huwalipa wale tu walioondolewa hatia kwa vinasaba, na yake haikuwa kesi ya vinasaba; wananchi wasiomjua ndio waliomchangia zaidi ya dola milioni moja.

Kwa nini riwaya hizi hupenda kumkamata muuaji wa kweli mwishoni? Hutokea?

Hutokea mara nyingine, na yanapotokea huwa hayaaminiki kiasi kwamba mwandishi hulazimika kuyapunguza makali. Cotton na Poole waliwahi kuwa gereza moja, wakafanana hata watu wakawachanganya. Katika kesi nyingi, hata hivyo, muuaji hajulikani, au alikwisha kufa, au ushahidi dhidi yake umeoza sawa na ule uliomfunga mtu asiye na hatia, na ofisi iliyokubali shingo upande kumwachia mfungwa haina hamu ya kuanza upya.

Pasipo muuaji wa kweli, aliyetoka hubaki na deni asiloweza kulilipa. Bloodsworth alitolewa mwaka 1993, lakini upande wa mashtaka haukutaka kusema kwamba hakumuua mtoto wa miaka tisa ambaye kifo chake ndicho kilichomfunga, na majirani walimtazama kwa jicho hilohilo. Mwaka 2003 vinasaba vya mhalifu vilipoingizwa katika hazina ya taifa ya kumbukumbu za vinasaba, vilimtaja mfungwa ambaye Bloodsworth alimfahamu: alikuwa amewekwa katika gereza lilelile, ghorofa moja chini yake. Ndipo mwendesha mashtaka alipokwenda kumwambia uso kwa uso, miaka 10 baada ya mahakama kumfungulia mlango.